Mwanamke Chini ya Jiwe la Ngomo

Karibu kila mtu wa mtaa wa Bagira aliyekuwa mtu mzima kabla ya simu za mkononi aliwahi kukaa kwenye kigoda cha Grégoire Mushagalusa. Walikaa pale wanafunzi waliodaiwa picha na shule, maharusi, wafungwa waliofunguliwa jana yake, wanajeshi wa serikali tatu zilizopokezana, na wazee waliojua kwamba picha ile ndiyo itakayotangulia jeneza lao. Wote aliwaambia maneno yale yale: inua kidevu, funga mdomo, usinitazame mimi, tazama msumari. Msumari ulikuwa ukutani, nyuma ya bega lake. Ndiyo maana sura za watu wa Bagira wa wakati ule zina uzito fulani. Watu wa leo, wanaojichekea wenyewe kwenye simu, wakiziona hudhani wazee wao walikuwa na hasira.

Mtu mmoja hakuwahi kukaa kwenye kigoda kile, naye ni Domitille, mke wa mwenye studio.

Si kwamba hakuomba. Aliomba alipokuwa na mimba ya kwanza, akaomba tena siku Micheline, binti aliyetoka katika mimba hiyo, alipobatizwa. Grégoire alimjibu kwamba pelikili, ule utepe wa filamu ndani ya kamera, ni ya wateja, asubiri mwisho wake; ikibaki nafasi moja, itakuwa yake. Lakini pelikili ikikaribia kuisha, kila mara alitokea mtu mwenye haraka ya kitambulisho. Domitille akaacha kuomba. Picha yao ya harusi, iliyopigwa na mtu mwingine, iliondoka pamoja na viti na masufuria siku nyumba yao ilipoporwa wakati wa vita. Walioiba hawakuwa na haja na maharusi. Walipenda fremu.

Hata hivyo, hakuna aliyeweza kusema kwamba Grégoire hakumpiga picha mke wake. Alimpiga mara nyingi kuliko alivyompiga mtu mwingine yeyote. Tatizo ni namna alivyompiga.

Grégoire alijifunza kazi kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa na studio Ibanda, katikati ya mji, kwenye barabara kubwa. Aliingia pale kama mfagiaji, akatoka anajua kusafisha pelikili gizani kwa vidole tu. Mgiriki alipofunga duka na kuondoka nchini, katika siku zile wageni walipoondoka kwa mpigo, alimwachia kamera nzito ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, pamoja na rundo la magazeti ya wapiga picha. Ndani ya gazeti moja mlikuwa na kurasa za makorongo ya jangwani, nchi za mbali: kuta za mawe zilizosimama wima kama kuta za kanisa kuu, nyufa, mchanga, na miti mikavu iliyojipenyeza mahali ambapo hata mbuzi asingepata pa kuweka kwato. Hapakuwa na mtu wala nyumba wala njia. Mwanga ulikuwa unateremka polepole juu ya jiwe, na mti mmoja uliokwisha kufa ulikuwa unaupokea. Grégoire hakuweza kusoma maneno yaliyoandikwa chini yake. Aliitazama picha ile mpaka karatasi ikaanza kukatika kwenye mikunjo.

Sasa mtu aliyezaliwa Bushi, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na kila kilima kimevaa migomba mpaka utosini, ana jangwa gani la kupiga picha? Mwingine angeishia kutamani. Yeye aliikumbuka Ngomo.

Anayekwenda Kamanyola hupita Nyangezi, kisha barabara huanza kushuka miteremko ya Ngomo, kona juu ya kona, malori yakinuka breki, na upande mmoja ardhi inakatika mpaka kwenye mto Ruzizi unaonguruma chini kabisa. Juu ni baridi na kijani. Ukishuka, hewa inabadilika kabla hujafika nusu ya njia, na wakati wa kiangazi nyasi zote huungua, yakabaki mawe na miti inayojua kuishi bila kutunzwa. Katika kona mojawapo, chini ya barabara, kulikuwa na jiwe refu lililopasuka katikati, na ndani ya ufa ule ulikuwa umeota mkuyu. Mizizi yake ilikuwa imetoka nje na kulizunguka jiwe lote, kama mikono ya mtu aliyekumbatia mzigo asiotaka uanguke. Grégoire aliuona akiwa juu ya lori. Akagonga kichwa cha gari ashushwe. Dereva alidhani ni tumbo.

Picha ya kwanza ilimvunja moyo. Jiwe lililokuwa refu kuliko nyumba ya ghorofa lilitoka kama jiwe la kusagia mtama. Katika picha hakuna kitu kinachojua ukubwa wake chenyewe. Kinahitaji kitu kingine kando yake. Na aliporudi mara ya pili akapata shida nyingine. Ng'ambo ya mto ni nchi ya watu wengine, na mtu anayeelekeza chombo cha kioo upande ule, hata kama anasema anapiga jiwe, maana yake ni jasusi. Wanajeshi wa bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, walimkamata, wakafungua kamera, wakaivuta pelikili yote juani kama utumbo wa mbuzi. Walimwuliza jiwe lina nini ndani. Aliposema halina kitu, walimpiga makofi kwa sababu ya kudharau maswali yao.

Mara ya tatu alimchukua Domitille, amevaa nguo za misa. Mambo yote mawili yakapona siku hiyo. Mwanamume anayempiga picha mke wake hashukiwi na askari yeyote. Huonewa huruma tu. Na Domitille alipoteremka mpaka kwenye shina la mkuyu akasimama, mkono mmoja juu ya mzizi, jiwe lilirudishiwa urefu wake wote.

Kuanzia hapo ilikuwa desturi ya kila kiangazi. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, walipanda lori lolote linalokwenda Kamanyola. Grégoire alisimamisha kamera ukingoni mwa barabara, akaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, na kutoka chini ya kitambaa ikasikika sauti ikimwamuru mke wake: rudi nyuma, kidogo tena, shika mzizi, usitazame huku, hapo hapo. Kisha alingoja mwanga. Kungoja kulikuwa ndiyo kazi yenyewe, na ni jambo ambalo limekwisha duniani. Siku hizi anayengoja huitwa mvivu. Domitille alingoja pamoja naye, mtoto mgongoni, jua utosini. Watoto wote wa nyumba ile walipita chini ya jiwe lile wakiwa mgongoni mwake. Alimjua kila mjusi wa pale. Katika picha alikuwa na urefu wa nusu njiti ya kiberiti.

Grégoire alitundika picha hizo studio, akiamini kwamba siku moja atakuja mtu wa kuzielewa. Wateja waliokuwa wakingoja zamu waliziangalia kwa wasiwasi. "Papa Grégoire, nani alikufia hapa?" waliuliza, kwa sababu hakuna aliyeona maana nyingine ya kupiga picha ya mahali. Alipowaambia kuna mtu mle ndani, tena mzima, walisogea na kutafuta. Hawakumwona mpaka awaonyeshe kwa kidole.

Ndivyo maisha yalivyokwenda. Studio ilikufa kama studio zote zilivyokufa: kwanza karatasi ikakosekana, kisha dawa, kisha wateja. Vijana walianza kupiga picha elfu kwa siku na kutobaki na hata moja. Kigoda kikaingia jikoni. Grégoire alibaki na kamera, pelikili moja iliyokwisha muda wake, na magoti mabovu, na watu wa mtaani wakawa wanamsalimia kama wanavyosalimia ukuta wa kanisa la zamani.

Kisha ikafika jubilei yao ya miaka hamsini ya ndoa.

Zamani jubilei ilikuwa misa, baraka, na sahani ya ugali na nyama kwa majirani. Sasa ni kikwembe, kitenge cha sare. Ukoo mzima lazima uvae kikwembe kimoja, kilichochapwa picha ya wanajubilei, na desturi iliyoingia karibuni inataka iwe picha ya ujana wao, ili watu waone walikotoka. Micheline, ambaye sasa ni mama wa watu wazima na anafanya kazi ofisini Ibanda, alilishughulikia jambo hilo mwenyewe. Picha ya baba yake akiwa kijana ilipatikana bila shida. Grégoire alizoea kujipiga mwenyewe akijaribu taa. Ya mama yake haikupatikana. Micheline alipekua makasha yote. Mwishowe alibeba picha moja ya Ngomo, iliyoonekana wazi kuliko zote, akampelekea Steve, kijana mwenye duka la kuchapa karibu na ofisi yake, akamwomba amtoe mama yake mle.

Steve alimtoa.

Vikwembe vilifika kwa robota. Vikagawanywa kwa watu wa Bagira, kwa ndugu wa Nyangezi, kwa mashemeji, na mafundi wakaanza kukata. Cha Domitille kilikuja mwisho, kimekunjwa ndani ya mfuko wa zawadi. Alikuwa anachambua maharage. Alijifuta mikono, akakikunjua, akakisogeza mlangoni penye mwanga. Kulikuwa na duara, na ndani ya duara Grégoire wa zamani amekaza shingo, na kando yake mwanamke mzuri sana, ngozi laini kama ganda la yai, meno yote nje.

"Huyu bibi ni nani?" akauliza.

Micheline alicheka. "Maman, si ni weye. Ni weye ukingali kijana."

"Huyu haiko mimi."

"Maman, ni ya kule Ngomo. Steve aliisafisha tu."

Domitille alikitazama kikwembe tena, taratibu, kama anayetafuta kasoro kwenye kitambaa sokoni. Kisha akageuka kwa mume wake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na fimbo yake.

"Papa Micheline, mimi sina hii pua. Na haya meno, sikuyaonyeshaka mutu. Sasa uniambie: uliowa nani?"

Grégoire aliomba apewe kikwembe. Alikisogeza mbali, akakileta karibu. Alikuwa ametazama sura za watu maisha yake yote, na hakuhitaji muda. Jicho moja lilikuwa la mtu mmoja, la pili la mtu mwingine. Mwanga ulitoka upande ambao jua halijawahi kutoka Ngomo. Alikirudisha, na kimya chake kilimkasirisha Domitille kuliko kikwembe.

Kesho yake mzee alikwenda Ibanda kumwona Steve. Alikuwa amejiandaa kugombana, lakini kijana alimpa kiti, akamletea soda, akamwita muzee kwa heshima. Alimfungulia picha kwenye kompyuta, akaikuza, akaikuza tena, mpaka jiwe likatoweka pembeni, mzizi ukatoweka, ikabaki alama ya kijivu isiyozidi punje ya mtama, kisha chembechembe za pelikili tupu.

"Muzee, kwa ile foto yako hakukuwa sura," alisema Steve, bila dharau. "Kulikuwa nukta tu. Sura iliwekwa na mashine."

Grégoire aliuliza mashine iliipata wapi. Kijana alieleza kwamba mashine imeshaona sura za wanawake mamilioni, kwa hiyo penye nafasi tupu inakisia. Ilikisia vizuri, alisema, kila mtu aliipenda. Mzee alimshukuru kwa soda akatoka. Alirudi Bagira amesimama ndani ya minibasi ingawa viti vilikuwepo.

Nyumbani aliikuta hukumu imeshatolewa. Domitille alikuwa amemwambia Micheline kwamba jubilei haimhusu. Kama kuna mwanamke kwenye kikwembe, basi huyo mwanamke aende kanisani na Papa Grégoire, padri awabariki, yeye atabaki nyumbani kuwapikia. Alisema bila kupaza sauti, na ndiyo maana walimwamini. Akina mama wa parokia wakaja mmoja mmoja kumbembeleza. Walimkumbusha kwamba kanisa limeshatangaza, kwamba ng'ombe ameshanunuliwa, kwamba kikwembe ni kitambaa tu, kesho watafutia meza. Aliwapa chai. Kila aliyekuja alikuwa ameshashona cha kwake, na wengine walikuja wamekivaa, kwa hiyo Domitille alibembelezwa na yule mwanamke mwenye meno akiwa amekaa juu ya magoti ya wageni wake.

Micheline alilia, kisha akaona aibu, kisha akamgeukia baba yake. Alimwuliza inawezekanaje mtu aliyepiga picha mji mzima asiwe na picha moja ya mke wake. Jibu la Grégoire lisingependeza likisemwa kwa sauti. Jibu lilikuwa kwamba uso wa Domitille haukuwahi kumpa shida. Jiwe lilimpa shida. Mwanga ulimpa shida. Mtu hutazama kinachomsumbua, na kile kilichopo kila siku hukipitishia macho tu.

Zilipobaki wiki mbili, alimfuata mkewe uani. Domitille alikuwa akianika muhogo. Grégoire alimwambia kwamba ile pelikili ya mwisho bado ipo, kwamba atakitoa kigoda jikoni, akipanguse, ampige picha ya kweli, kama alivyowapiga wengine wote.

"Kigoda hapana," alisema Domitille.

Aliendelea kupanga muhogo. Mume akangoja, kungoja alikujua.

"Miaka yote ulinisimamishaka chini ya ile jiwe. Nilikuwa rula yako. Nilikuwa laissez-passer yako, ruhusa ya kupita kwa masoda wa bariyeri. Basi utanipiga pale pale. Lakini hii mara, jiwe ikuwe kidogo."

Grégoire alitaka kueleza kwamba pale mteremko ni mkali, kwamba ukimsogelea mtu jiwe linapotea, na ukilipoteza jiwe kuna haja gani ya kwenda mpaka Ngomo. Alikuwa amefungua mdomo kabisa. Akaufunga.

Aliyewachukua ni Emile, jirani mwenye taksi, mtu wa utani ambaye hakutaka kupokea zaidi ya mafuta. Walitoka asubuhi. Emile aliwauliza kama maharusi wake wanakwenda honeymoon, na kama bibi harusi ni yule wa kwenye kikwembe au ni huyu. Domitille akamjibu kwamba yule wa kwenye kikwembe hapandi taksi iliyotobolewa na kutu. Ndiyo maneno pekee ya kucheka aliyosema njiani.

Kwenye bariyeri askari kijana aliinua kitambaa cheusi akaiona kamera. Aliuliza kama ni bunduki ya babu yake. Aliomba asimame kando yake ajipige picha kwa simu, ameinua vidole viwili hewani, kisha akafungua kamba wapite. Hakuuliza wanakwenda kupiga nini. Grégoire aliyepigwa makofi mahali pale alihisi, bila kutaka, kitu kama kuibiwa. Hata hofu ya picha imekwisha. Kitu ambacho hakuna anayekiogopa, hakuna anayekithamini pia.

Walipofika kwenye kona, Emile aliegesha taksi pembeni, akabaki anazungumza na mwendesha pikipiki. Grégoire alishuka na fimbo, akafika ukingoni, akatazama chini.

Mkuyu haukuwepo.

Jiwe lilikuwepo, limesimama vile vile na ufa wake. Mti ulikuwa umekatwa kwenye shina na mabaki yake yamechomwa kuwa makala, mkaa wa kupikia, palepale. Ardhi ilikuwa nyeusi mviringo, na mfuko mmoja uliochanika ulikuwa umenasa kwenye mwiba. Mizizi haikuweza kung'olewa. Ilibaki imelizunguka jiwe, mikavu, ya kijivu, imeshika kitu ingawa hakuna tena mti wa kushikiwa. Miaka yote ile ya kuota ndani ya ufa, na watu wamepikia maharage.

Grégoire alisimamisha miguu mitatu ya kamera kwa haraka ambayo magoti yake hayakuwa yameionyesha kwa miaka mingi. Kwa sababu ilikuwa picha. Ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kupiga pale. Ilikuwa sawasawa na ule mti uliokufa katika gazeti la Mgiriki, mizizi bila mti, jiwe tupu, na mwanga ulikuwa ndiyo kwanza unaugusa ukingo wa juu. Akaingiza kichwa chini ya kitambaa.

"Maman Micheline, shuka kidogo," sauti yake ilisema kutoka ndani. "Kushoto. Simama kwenye shina."

Domitille alishuka. Mwili wake uliijua njia, na sauti ile uliijua zaidi. Alishuka kwa makalio mahali penye changarawe, akashika mizizi, akafika kwenye gogo lililobaki. Aliweka mkono pale alipozoea. Kisha akabaki anautazama mkono wake.

"Geuka upande wa jiwe," Grégoire alisema. "Usitazame huku."

Mkewe aliketi juu ya gogo. Aligeuza mgongo, lakini si kwa jinsi alivyoambiwa.

Alimwambia asimame, mwanga unapita. Hakusimama. Akamwambia tena. Mpiga picha akatoa kichwa chini ya kitambaa, akamwona kwa macho yake, mwanamke mdogo chini ya jiwe kubwa, amempa mgongo.

"Leo sipimi kitu," alisema Domitille kutoka chini. Hakupaza sauti, lakini korongo lile hubeba kila neno. "Mti haiko. Sasa unanipimisha nini?"

Emile, aliyekuwa akiwatazama kutoka barabarani, alisema baadaye kwamba mwanga aliouona mzee ulishuka jiwe lote, ukapita, na yeye hakubonyeza. Kisha Grégoire akafungua kamera kutoka kwenye miguu yake, akaitia kifuani, akaacha fimbo, akaanza kuteremka. Emile alitaka kumsaidia, akafukuzwa kwa mkono. Mzee alianguka mara moja, akalala kwa mgongo ameinua kamera juu kama mtoto anayevushwa mtoni. Domitille aligeuka kwa kelele za mawe. Hakuinuka kumpokea, ila alisogea kidogo kwenye gogo.

Alipofika alihema kwanza. Kisha akapiga magoti mbele yake, kwa sababu kusimama hakuweza tena, akasogea mpaka akawa umbali wa mtu anayempa mwenzake chumvi, akatazama ndani ya kioo.

Alikaa ametazama muda mrefu kuliko kazi ilivyodai.

"Hii jicho," alisema. "Ya kushoto. Inaonaka?"

"Haionaka."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Haiko hii Pasaka ya sasa, ile ingine."

"Haukuniambia."

"Nilikuambia," alisema Domitille. "Ulisema ni vumbi."

Grégoire aliondoa macho kwenye kioo, akamtazama bila kioo. Juu ya mboni kulikuwa na utando mweupe, mzito, wa muda mrefu. Angeweza kukuchorea kwenye vumbi kila ufa wa lile jiwe, upande wa Ruzizi na upande wa barabara. Alirudi kwenye kamera. Hakumwambia ainue kidevu. Alipiga mpaka pelikili ikaisha, na Domitille alimtazama moja kwa moja, kwa lile jicho linaloona na lile lisiloona, akiwa na uso wa mtu anayengoja kuona kama aliye mbele yake ataelewa.

Emile na mwendesha pikipiki waliwapandisha.

Dawa za kusafishia alizichanganya kutokana na mabaki, na pelikili ilikuwa ya zamani mno. Picha nyingi zilitoka ukungu mtupu. Moja ilitoka. Karatasi nayo ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Aliikausha, akampelekea mkewe uani, akasimama kando kama wateja walivyokuwa wakisimama kando yake.

Domitille aliibeba mpaka penye mwanga, akaisogeza upande wa jicho lake la kuume. Alijiona: mikunjo, kilemba kilichokaa upande kwa sababu ya mteremko, jicho lenye utando, mdomo uliofumbwa. Hakusema kama ni nzuri. Micheline alikuwa amesimama nyuma yake ameshika shavu. Baada ya muda Domitille aliweka kidole nyuma ya bega la mwanamke wa kwenye picha, penye wingu la kijivu lisilo na umbo.

"Hii ya nyuma ni nini?"

"Ni jiwe," alisema Grégoire.

"Haionekani."

"Haionekani," alikubali.

Domitille aliiweka picha mezani, akamwambia Micheline amwite fundi aje amshonee nguo ya jubilei. Na asije na kile kikwembe cha yule bibi.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa. Ukoo wote uliingia ukiimba, wa Bagira na wa Nyangezi, wamemvaa mwanamke asiyejulikana na mtu, mabegani, kifuani, mgongoni, naye aliwachekea waliokuwa nyuma kutoka kila mgongo. Domitille alipita katikati yao amevaa kikwembe cha kawaida cha buluu. Grégoire alikuwa amehamia upande wa kushoto wa mkewe, ambako hakuzoea kutembea, akamshika mkono, na kila walipofika kwenye ngazi alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hapa kuna ngazi.